Shukrani za Familia kwa Mliotufariji Tulipompoteza Padri Wetu

Sisi familia ya marehemu, mama yake mzazi pamoja na kaka na dada zake, tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na tunawashukuru ninyi nyote mliosimama nasi tangu alipolazwa hospitalini hadi tulipomzika katika makaburi ya mapadri.

Shukrani za pekee ziwaendee wauguzi wa zamu ya usiku waliomsikiliza hata alipokuwa akizungumza kwa shida. Alipenda kuwasimulia habari za Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka, na ambaye mwaka 1966, akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufa, aliletewa habari kwamba mnururisho, yaani mionzi, uliosalia tangu enzi za mwanzo za ulimwengu umegunduliwa, ukiiunga mkono nadharia yake kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Kila alipofika hapo, ndugu yetu alitabasamu.

Tunawashukuru walimu wake wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Chiromo, ambao walimtakia heri alipowaaga, na walezi wake wa seminari kuu ya Mtakatifu Thomas Aquinas, Lang'ata, ambao hawakumtaka aviache vitabu vyake vya hesabu langoni. Mama, tuseme kweli, ndiye aliyekuwa na hofu: kwanza kwamba sayansi ingempokonya mwanawe imani, kisha kwamba altare ingempokonya sayansi aliyoipenda. Hayakutokea. Papa Pius wa Kumi na Mbili alipoihusisha nadharia ya Lemaître na uumbaji, mwaka 1951, Lemaître mwenyewe hakuridhika. Na ndugu yetu naye alituonya mara nyingi, mezani na mimbarini, kwamba hesabu za nyota zisigeuzwe ushahidi wa imani wala silaha ya kuipinga.

Kwa Baba Askofu aliyeongoza Misa ya mazishi, mapadri, watawa, kwaya, na wanajumuiya waliosali rozari nyumbani kwetu kila jioni, wakapika na kukesha nasi: asanteni sana. Vijana wa parokia, mliileta darubini yake mkaisimamisha kando ya jeneza, ile ile mliyoitumia kutazama pete za Zohali uani mwa kanisa. Tumekubaliana ibaki kwenu.

Hatuwezi kumtaja kila mmoja, nanyi mliotuma michango na rambirambi kutoka mbali mpokee shukrani hizi kana kwamba tumewafikia nyumbani. Misa ya shukrani itasomwa parokiani Jumapili ijayo, Misa ya pili. Karibuni nyote.