Chubwi: kusubu au kununua

Tanga

Swahiba wangu Hamadi,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na salamu za mama nimezipokea. Unauliza uendelee kununua dukani chubwi, yale madini ya risasi ya kuzamishia mishipi na nyavu, au uyayeyushe na kusubu mwenyewe, maadam jirani yako wa gereji kakuahidi betri mbovu za bure. Subu, ndugu yangu, ila hizo betri mwachie mwenyewe.

Kwa mshipi wa mkono wala usihangaike, nunua yaishe. Au fanya kama vijana wa huku: wanafunga plagi kuukuu za pikipiki, na changu wanapanda vilevile. Pesa inaliwa na jarife, ule wavu mkubwa. Kamba ya chini yote inataka uzito, na kila ikinasa mwambani unaacha chubwi huko. Hapo kusubu kunalipa, mradi upate risasi safi: mabomba ya zamani, chubwi za nyavu zilizochakaa, au vile vipande vya kubalansia matairi. Vipande hivyo vichague kimoja kimoja, maana siku hizi vingi ni zinki au chuma. Kikwaruze kwa kisu: risasi ni laini, inachanika na kung'aa. Kiangushe sakafuni: risasi inatoa kishindo butu, zinki inalia. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, zinki 419, kwa hiyo moto ukiwa wa kiasi zinki inaelea tu na utaiopoa. Ukizidisha makaa, vyote vinachanganyika na kuwa vizito kama uji uliolala, na hapo hakuna cha kumimina.

Sasa betri. Ndani hakuna risasi tupu. Sahani zake zimejaa unga wa risasi uliolowa asidi, na unga huo wenye sumu ndio unaoingia kwenye nguo, kucha na mchanga wa uani. Watu wanaogopa moshi, mimi naogopa vumbi. Habari za Owino Uhuru pale Mombasa unazijua: kiwanda cha kuyeyusha betri kando ya nyumba za watu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Utaniambia kile kilikuwa kiwanda. Haya, Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar huko Senegal, kina mama walikuwa wakichekecha mchanga wenye mabaki ya betri, wengine majumbani mwao, wapate vipande vya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walizikwa watoto 18. Na kwako shemeji ni mjamzito, na Salma ndiyo kwanza anatambaa, kila anachookota kinakwenda mdomoni. Pesa utakayookoa kwa kutonunua dukani haiwezi kufidia hilo.

Ukishapata risasi safi, fanyia kazi mbali na nyumba, upepo ukitokea mgongoni. Sufuria utakayotumia isirudi jikoni tena, hata kwa kuchemshia maji ya kuoga. Na usimimine kwenye mchanga wa pwani kama wafanyavyo wengine. Mchanga ule una unyevu, na tone moja la maji likikutana na risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke papo hapo na kukurushia yote usoni. Mimina kwenye kalibu, kile chombo cha kutolea umbo, na uipashe moto kwanza mpaka ikauke kabisa. Vaa viatu vya kufunika, si kandambili. Yale mabaki ya juu ukiyaengua, yatie koponi ufunike, usiyamwage uani. Kisha unawe kwa sabuni na ubadili nguo kabla hujambeba mtoto.

Kalibu yangu ya alumini haina kazi kwa sasa. Niandikie unene wa kamba yako ya chini, maana tundu lake ni la kamba nyembamba. Ikifaa nitampa Bakari aje nayo, anapanda basi la Kilwa mwisho wa mwezi. Usinirudishie kabla kusi haijatulia, sitaihitaji.

Msalimie shemeji na wazee wote.

Wako,
Mbwana