Njiti akishatoka wodini, nani anamfuatilia?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, ambao sisi huku Tanzania tumezoea kuwaita njiti, kana kwamba wametolewa kwenye kiberiti. Kila inapokaribia Novemba 17, siku ya kimataifa ya watoto hao, magazeti hujaa picha za makabidhiano: wageni rasmi wamevaa fulana za zambarau, mashine ya oksijeni ingali imevikwa nailoni, na maelezo ya chini yanataja idadi ya watoto watakaookolewa. Sina ugomvi na picha hizo, maana mashine zinahitajika. Ninachouliza ni habari za mtoto huyo baada ya miaka sita au saba, atakapokuja kukaa kwenye dawati mbele yangu, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na pia ni bibi wa njiti.

Mjukuu wangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 30, akiwa na gramu 1,350. Alikaa wodini wiki tano, muda mwingi akiwa kifuani kwa mama yake, amefungwa kwa kitenge, kofia ya sufu kichwani. Siku ya kuruhusiwa tulipewa kadi ya kliniki, tukaambiwa anyonyeshwe, afunikwe vizuri na arudi kwa ajili ya chanjo. Alipofikisha miezi minane, mhudumu wa kliniki moja aliitazama kadi, akahesabu miezi, kisha akamgeukia binti yangu mbele ya foleni nzima: "Mama, wa miezi minane huyu hajakaa? Unamlisha nini?" Binti yangu alirudi nyumbani uso ameuficha kwa mtandio, na kwa wiki mbili zilizofuata akawa anamkalisha mtoto ndani ya beseni lililojazwa nguo, ili mgongo ushike. Hakuna aliyekuwa amemwambia jambo dogo tu, kwamba mtoto aliyewahi kwa wiki 10 hupunguziwa wiki hizo 10 anapopimwa hatua zake za kukua, mpaka atimize miaka miwili. Kwa hesabu hiyo mjukuu wangu alikuwa hajatimiza hata miezi sita, na mtoto wa umri huo ambaye hajakaa bado hana kosa. (Chanjo hazipunguziwi kitu; zenyewe hufuata tarehe ya kuzaliwa.)

Hesabu hiyo, hata hivyo, haipaswi kuwa blanketi la kufunikia kila kitu, kwani nimewasikia pia ndugu wenye nia njema wakimwambia mzazi kwamba njiti huchelewa tu, aache wasiwasi, mpaka mtoto anatimiza miaka mitatu bila kuitikia jina lake ndipo inagundulika kuwa hasikii. Kati ya kumtisha mama na kumbembeleza kuna kazi ya kupima, na ndiyo ambayo sioni ikifanyika.

Shirika la Afya Duniani na wenzake walikadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa watoto njiti milioni 13.4, yaani karibu mmoja katika kila watoto kumi, na zaidi ya nusu yao katika Asia ya Kusini na Afrika kusini mwa Sahara. Walio wengi huzaliwa kati ya wiki ya 32 na ya 37, na wengi wa hao hukua, wakasoma na wakaoa au kuolewa bila mtu kukumbuka walianzaje. Kadiri mtoto anavyowahi zaidi, hasa chini ya wiki 28, ndivyo inavyoongezeka hatari ya mtindio wa ubongo, ya matatizo ya macho na masikio, na ya ugumu wa kujifunza. Huko katika nchi tajiri wengi wa hawa wa chini ya wiki 28 hupona, ilhali katika nchi maskini wengi hufariki katika siku za mwanzo. Kwa hiyo tusishangae kwamba maarifa mengi ya maisha yao ya baadaye yameandikwa ughaibuni, ambako walibaki watoto wa kuwafuatilia.

Uingereza na Ireland, kwa mfano, ziliwaandikisha watoto waliozaliwa mwaka 1995 kabla ya kutimiza wiki 26, katika utafiti uitwao EPICure, na watafiti wakaendelea kuwatafuta hadi walipokuwa vijana. Matokeo ya umri wa miaka sita yalichapishwa mwaka 2005, na mimi kama mwalimu kuna jambo moja ndani yake ambalo silisahau. Walipolinganishwa na viwango vya zamani vya kitabuni, karibu mtoto mmoja kati ya watano alionekana kuwa na upungufu mkubwa wa uwezo wa kujifunza. Walipolinganishwa na wanafunzi wenzao wa darasa lilelile, idadi ilipanda hadi wawili kati ya watano. Darasa liliona kilichokuwa kimepita bila kuonekana kwenye karatasi ya kipimo. Hapa kwetu mwalimu huyo wa kuona yupo, lakini hajui kwamba mtoto aliyeketi mbele yake alizaliwa njiti, kwa sababu fomu ya kuandikisha darasa la kwanza haimwulizi mzazi.

Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyekuwa akilaza kitabu puani. Tulimwita mvivu, nikiwemo mimi, na adhabu za uvivu alizipata. Katika kikao cha wazazi mama yake alinidokezea, wakati tukiagana mlangoni, kwamba huyu alimzaa wa miezi saba na alikaa kwenye oksijeni siku nyingi. Nilimwomba ampeleke akapimwe macho. Alirudi na miwani minene kama kitako cha chupa ya soda, na uvivu ukamtoka.

Oksijeni ni dawa, nayo ina kipimo chake. Mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho la njiti huwa haijamaliza kukua, na oksijeni ikizidi huivuruga, hata wakati mwingine ule utando unaopokea mwanga ukabanduka na mtoto akapofuka. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 watoto wapatao 10,000 duniani, wengi wao Marekani, walipofuka hivyo kabla wataalamu hawajatambua chanzo. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wao. Leo tunajua kwamba mtoto wa namna hiyo anatakiwa kuangaliwa na daktari wa macho takriban wiki nne baada ya kuzaliwa, na kwamba yakionekana mabadiliko mabaya, mionzi ya leza ikitumika mapema humwokolea uoni. Muda huo ni mfupi na haurudi. Mashine ile ya kwenye nailoni, ikiletwa bila kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida, na bila kile kipimo kinachofungwa mguuni kwa mtoto, inaweza kumwachia pumzi ikaondoka na macho.

Wapo watakaosema haya yote ni ya nchi zenye fedha. Huko Bogotá, Colombia, ndiko ilikoanzia mwaka 1978 njia ya kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, na ilianzia kwenye hospitali iliyokuwa na uhaba. Wenyeji waliwatafuta tena, baada ya miaka 20, watoto waliokuwa wamelelewa hivyo katika miaka ya 1990 na wale waliolelewa kwa utaratibu wa kawaida. Mwaka 2017 walieleza kwamba wa kifuani walikuwa wamekufa wachache zaidi, na waliobaki walikuwa watulivu zaidi na walikosa shule mara chache zaidi. Malawi, jirani yetu, imetunga kipimo cha maendeleo ya mtoto kinachotumia vitu anavyovijua mtoto wa kijijini, na njiti wa kusini mwa nchi hiyo walifuatiliwa hadi miezi 24, wakakutwa nyuma ya wenzao. Tanzania nayo ilikuwa miongoni mwa nchi tano za utafiti wa mwaka 2021 ulioonyesha kwamba kumweka njiti kifuani mara tu anapozaliwa, bila kusubiri atulie, hupunguza vifo kwa robo. Waliookolewa katika robo hiyo watafika darasa la kwanza siku si nyingi.

Nakiri kwamba serikali haijalala. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea likizo mwajiriwa anayejifungua njiti, na hilo ni jema sana, ingawa mama anayeuza vitumbua stendi hana wa kumwombea likizo. Kwake yeye huduma lazima iwe kwenye kliniki anayoijua, siku ileile anayompeleka mtoto kupimwa uzito. Naomba wizara zinazohusika, ya afya na ya elimu kwa pamoja, zipange tarehe za kumwita njiti arudi kupimwa macho, masikio, viungo na usemi hadi aanze shule, na fomu ya shule iwe na swali moja tu la nyongeza.

Kadi ya mjukuu wangu ninayo kabatini. Ina nafasi ya uzito wa kuzaliwa, lakini sikuona mahali pa kuandika alizaliwa wiki ya ngapi. Pembeni ya tarehe nimeandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia: "aliwahi wiki 10".

Wako,
Mwalimu wa darasa la kwanza,
Morogoro