Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wazazi wa watoto wenye saratani ya damu

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mhazini. Mimi naomba nijibu swali mliloniuliza mwaka mzima, wodini na kwenye simu: ile tiba ya chembe za kinga itatufikia lini?

Kwa waliojiunga karibuni: mashine huchuja chembe nyeupe aina ya T kutoka kwenye damu ya mgonjwa. Maabara huzipandikiza jeni kwa kutumia kirusi kilichoondolewa makali, ili zitambue alama ya CD19 iliyo juu ya chembe za lukemia, yaani saratani ya damu. Zikishaongezeka, hurudishwa kwa mwenyewe kwa dripu. Aprili 2012, huko Philadelphia, alipewa Emily Whitehead, mtoto wa miaka 6, katika utafiti wa Carl June. Homa ilimpanda vibaya hadi akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Aliyeikumbuka dawa ya baridi yabisi iliyomtuliza ni June mwenyewe, kwa kuwa binti yake aliugua maradhi hayo. Emily alizinduka siku aliyotimiza miaka 7, na lukemia haikurudi. Kupona kwake tunakusimulia sana. Zile siku za mashine tusiziruke, maana bila chumba cha wagonjwa mahututi kilichokamilika tiba hii haitolewi.

Marekani iliiidhinisha mwaka 2017 kwa bei ya dola 475,000. Oktoba 2023 India iliidhinisha ya kwao, NexCAR19, kazi ya chuo cha teknolojia cha IIT Bombay na Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, kwa takriban dola 50,000. Ni karibu moja ya kumi, tena katika nchi ambako wagonjwa wetu hupelekwa kwa rufaa. Nilifurahi mno. Lakini idhini hiyo ilianzia miaka 15, na wengi wa wanetu hawajafika huko. Nawasihi, asiuze mtu shamba kwa kusikia tetesi. Daktari wa mtoto aulizwe kwanza.

Na daktari atauliza: lukemia ya chembe nyeupe aina ya B au aina ya T? Hii ya CD19 ni ya B. Mama mmoja mwaka huu alinifungulia mfuko wa unga uliojaa vyeti. Majibu ya uboho yalikuwa yamelowa, na herufi hiyo moja ndiyo iliyofutika. Ilibidi mtoto achomwe sindano ya mfupa upya.

Kwa hiyo kamati imenunua majalada ya plastiki, moja kwa kila familia. Yako mezani kwa katibu. Tafadhali msiondoke bila kuchukua.