Wamenifanya mkaguzi wa maandalio

Jinhua, 19 Oktoba

Neema mama Ivan,

Habari za huko? Shemeji, Ivan, bibi wa Kihonda, wote wazima? Mimi mzima, baridi ndiyo imeanza kupiga hodi, na lile sweta lako bado ninalo, usiniulize. Nilingoja unipigie baada ya zile meseji zako za sauti, ukanyamaza, nikasema basi niandike. Kwa simu ungenikatiza kila sentensi, na leo nina jambo linalotaka mtu asikatizwe.

Nimepewa cheo. Usipige vigelegele. Wiki ile tuliyorudi kutoka likizo ya Oktoba mosi (wanakupumzisha wiki nzima, halafu wanakudai Jumamosi ufidie, huku sikukuu hailiwi bure) mkuu wa shule akaniita ofisini, akanimiminia chai, nikajua yapo. Akasema kuanzia sasa mimi ndiye wa kukusanya maandalio ya somo ya walimu wageni wa Kiingereza. Mimi, mwalimu wa sayansi! Eti kwa kuwa nimesomea ualimu. Na kweli, nikihesabu ofisi yetu, waliosomea ualimu ni mimi na yule dada wa Durban. Mmoja kasomea masoko, mwingine historia ya sanaa, na Bwana Tai mpaka leo hasemi alisomea nini.

Bwana Tai unamjua, yule Mmarekani wa kwenye picha ya mahafali mwenye tai ya panda. Nimemwomba andalio la wiki. Akanipa karatasi, nakunukulia neno kwa neno: "Wanyama. Wimbo. Mchezo. Muda ukibaki, mchezo." Nikamuuliza, malengo mahususi yako wapi? Akacheka, akagonga kichwa chake kwa kidole. Yote yamo humu, kafundisha miaka kumi. Nikamkumbuka Mzee wa Zamu, naye alikuwa hivyohivyo, tofauti ni kwamba Mzee alikuwa anajua anachofundisha.

Basi nikaenda kumkaa nyuma ya darasa. Darasa la tatu, watoto arobaini na ushee, kipindi cha dakika arobaini. Anawasha slaidi: simba. Watoto: "Lion!" Anawasha tembo. "Elephant!" Halafu akatoa mpira ule unaonata, ukirusha ubaoni unaganda kwenye picha, na hapo darasa likawa stendi ya Msamvu siku ya kuamkia Krismasi. Kelele, vicheko, kila mtu anataka arushe. Ungepita dirishani ungesema huyu mwalimu anapendwa, na anapendwa kweli, simnyimi. Ila mimi nilikuwa naangalia safu ya mwisho. Kulikuwa na kijana kakaa anakatakata kifutio kwa rula, vipande vidogo sawasawa kama anapima dhahabu, tangu mwanzo hadi kengele hakufungua mdomo. Waliokuwa wanajibu ni walewale wanne wa mbele, na hao "lion" walimjua tangu chekechea. Pembeni yangu mwalimu wa Kichina, ambaye kwenye ratiba ni msaidizi, amejaziwa madaftari anasahihisha, hata kichwa hainui. Kwake hicho ni kipindi cha kupumua.

Sasa Neema, hapo ndipo nilipokwama. Ningeweza kuandika "mvivu" nikafunga faili. Lakini huyu bwana si mvivu, anafika kabla yangu kila siku. Siku moja tukiwa tunakula akanieleza alikotoka. Miaka yote hiyo alikuwa kwenye vituo vya tuisheni vya jioni. Kule somo linatoka makao makuu likiwa tayari: slaidi, nyimbo, michezo, hata mahali pa kutabasamu. Kazi yake ilikuwa kubonyeza na kuchangamka, mzazi yuko upande wa pili wa kioo anaangalia kama mwanawe anacheka, maana akicheka ndiyo atalipia muhula unaofuata. Julai 2021 serikali ikashuka na ile amri ya kupunguza mizigo miwili, wa kazi za nyumbani na wa tuisheni, wakapiga marufuku biashara ya tuisheni ya masomo ya shule wikiendi na likizo, na masomo ya mtandaoni kutoka kwa walimu walioko nje ya nchi nayo yakakatwa. Vituo vikafungwa kimoja baada ya kingine. Waliobaki China wengine wakaingia mashuleni, na mazoea yao wakaja nayo. Mtu hajawahi hata siku moja kuulizwa mtoto huyu alijua nini jana na kesho ajue nini. Leo tunamdai andalio!

Na shule nayo, mama Ivan, isijifanye haijui. Kiingereza kwenye ule mtihani wao wa kuingia chuo kikuu kina alama 150 kati ya 750, sawa na hesabu na sawa na Kichina chenyewe. Unadhani wanampa mgeni hizo alama azichezee? Hazimgusi. Za mtihani ni za walimu wa Kichina. Mgeni anapewa "mazungumzo", anaonana na darasa mara moja kwa wiki, anarudia somo lilelile darasa baada ya darasa mpaka anajichukia, kitabu cha darasa hapewi, matokeo hayaoni, vikao haitwi. Ila siku ya wazazi wapya kuja kutembelea ndiyo anatolewa mbele, tai na yote. Mtu ukimweka getini kama maua, usije ukamuuliza azimio la kazi, ule mpango wa masomo wa muhula.

Kilichoniuma zaidi ni nilichokiona Jumatano. Walimu wa Kiingereza wa Kichina wana kikao chao cha kuandaa masomo pamoja kila wiki, utaratibu wa shule za huku tangu miaka ya 1950. Kila somo lina kundi lake na kiongozi wake. Nikamwomba Mwalimu Chen niingie nikae kimya, akakubali. Kibinti kimeajiriwa mwaka huu kikasimama kueleza somo lake la wakati uliopita, kinataka kuanza na picha ya Ukuta Mkuu, "Nilikwenda Ukuta Mkuu." Chen akamkatiza: watoto wangapi wa darasa lako wamefika huko? Waulize jana usiku walikula nini, wote walikula. Halafu akamuuliza swali ambalo sisi chuoni hatukuwahi kuulizwa: watakosea wapi? Kibinti kikasema watasema "eated" badala ya "ate". Sawa, wakisema hivyo utafanya nini, utamsahihisha palepale au utaandika ubaoni ungoje? Nani utamwita kwanza? Wakazungumza swali moja hilo mpaka muziki wa mazoezi ya macho, yale ya watoto kukanda pembeni mwa macho, ukaanza kulia kwenye spika za shule, wakaendelea kubishana muziki ukilia. Kibinti kimeandika kwa kalamu nyeusi, masahihisho ya wenzake kwa nyekundu, ukurasa mzima umegeuka mwekundu na hakijanuna.

Nikarudi mezani nikatoa andalio letu lile la TP, yale mazoezi ya kufundisha ya chuoni, nimelihifadhi kwenye simu. Lina kila kitu: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri, hitimisho, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi, tathmini. Hakuna mahali pa kuandika watakwama wapi. La kwao lina sehemu mbili ambazo hazikosekani, jambo kuu la somo na jambo gumu la somo, basi. Zetu ni safu, zimejaa vizuri, mdhibiti ubora akija anapiga tiki. Na usijifanye malaika, nakujua: la Machi ulikuwa unanakili la mwaka uliotangulia unabadili tarehe tu, na siku moja ukasahau kubadili hata idadi ya wanafunzi. Mtaaluma, yule msimamizi wa taaluma, alivyokusomea mbele ya watu! Sasa mtaaluma ni wewe, Mungu hamtupi mja wake.

Huku nako si peponi, usije ukadhani. Wana kitu cha somo la wazi, walimu wa shule nyingine wanakuja kukaa nyuma kutazama, na somo hilo linasuguliwa wiki kadhaa mpaka watoto wanajua swali kabla halijaulizwa. Niliona moja, mtoto akajibu kabla mwalimu hajamaliza sentensi, watu wakapiga makofi. Maigizo. Dada wa Durban aliniangalia tukauma midomo tusicheke. Huyo dada lakini, nikuambie, anaandaa. Kwa daftari la kawaida, ukurasa mmoja, chini kaandika majina matatu ya watoto ambao hawakusema kitu wiki iliyopita. Hakuna aliyemwambia. Nilipomuuliza kwa nini, akashangaa swali lenyewe.

Kwa hiyo nimemrudishia mkuu wa shule neno. Nimemwambia kukusanya karatasi sikatai, lakini nitapata karatasi. Nikianza kudai kurasa, Bwana Tai ataiagiza akili mnemba imtengenezee muhula mzima kabla chai haijapoa, nzuri kuliko ya kwangu, tutazifungia kabatini na kijana wa kifutio ataendelea kukata. Nikaomba wageni waingizwe kwenye kikao cha Jumatano, hata nusu saa tu, waambiwe darasa liko wapi kwenye kitabu, nao wafundishe kitu kinachoungana na hicho. Akasema hawajui Kichina. Nikasema walimu wa Kiingereza wote mle wanajua Kiingereza, au siyo? Akanyamaza, akanimiminia chai nyingine. Akasema wageni watachoka, wataondoka, kuwapata wengine shida. Pengine ni kweli. Atanijibu Jumatatu. Bwana Tai ameshasikia, hanisalimii vizuri.

Na hapo ndipo ninapokuhitaji, narudi kwenye hilo. Kabla sijalimaliza, la wakala.

Nimesikiliza meseji zako zote. Huyo kaka anayekuambia uje kwa viza ya matembezi, utafundisha Kiingereza chekechea, "huhitaji kuandaa chochote, ni kucheza na watoto tu", mwambie asante halafu mfungie namba. Viza ya matembezi si ya kazi, na yenyewe haibadilishwi kienyeji hivyo ukishafika. Sheria yao ya uhamiaji iliyoanza 2013 inasema anayefanya kazi bila kibali anatozwa yuan 5,000 hadi 20,000, na ikiwa nzito anawekwa ndani siku tano hadi kumi na tano. Faini hiyo wakala hatakulipia, utalipa wewe. Halafu nafasi za Kiingereza wanazilenga kwa pasipoti za nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya mama. Utajua kuongea kuliko Bwana Tai, karatasi itakukwamisha. Mimi nilipita mlango mwingine, shahada ya uzamili nimeichukulia hapahapa, na kibali changu ni cha kufundisha sayansi kwa Kiingereza. Wewe una hesabu! Una shahada ya ualimu na miaka yako kazini. Tafuta shule yenye mkondo wa Kiingereza inayotaka mwalimu wa hesabu, wakuombee kibali ungali huko, uje na viza ya kazi. Chukua cheti cha polisi mapema, na cheti cha chuo kipelekwe Mambo ya Nje kisha Ubalozi wa China. Mwenye haraka na pesa yako ndiye wa kumwogopa. Lakini tuongee vizuri kwanza, sijui kama kweli unataka kuja au umechoka tu na huyo mkuu wenu. Darasa la watoto mia na kitu linachosha, najua, ila kuchoka hakupandi ndege... basi, tutaongea.

Sasa nijibu haya, usiniachie kwa emoji. Pale kwako umewezaje kuwakalisha walimu waandae pamoja bila kuonekana polisi? Suma aliniambia mnakutana Ijumaa na hata yule mbishi wa Jiografia anakuja, kweli? Mnaanza na fomu au mnaanza na daftari za watoto? Ukimkuta mtu ana uzoefu kukuzidi na hataki kuandika, unamwambiaje? Nimpe Bwana Tai dada wa Durban wafanye wawili, au atajiona kadharauliwa? Na lile andalio fupi ulilolitengeneza ukurasa mmoja, bado unalo? Lipige picha unitumie, hata kama lina madoa ya chai, nataka nimwonyeshe mkuu kabla ya Jumatatu. Ivan kaanza kusoma? Ada ya Suma imekwisha au nitume? Na namba yako ipi inapatikana, maana ile ya mwisho inapokea mtu anayejiita Baba Zuhura na ameshaanza kunisalimia kila asubuhi.

Wako,
Zai