Mbwa wenu hatabasamu

Mhariri,

Gazeti hili nalisoma miaka nenda miaka rudi na sijawahi kukuandikia. Nilinyamaza mlipokosea majina ya marehemu. Nilinyamaza hata siku mliyochapa fumbo la maneno na majibu yake ukurasa uleule. Lakini makala ya Jumapili iliyopita, ya yule mwandishi wenu aliyezunguka milimani na gari, hema na mbwa wake wiki nzima, hiyo imenishinda.

Picha ni nzuri, sikatai. Mbwa kasimama juu ya jabali, mawingu yako chini yake, nanyi mkaandika kwamba "anatabasamu". Hatabasamu, Mhariri. Anahema. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Joto hulipunguza kwa kuhema, na kidogo sana kupitia nyayo. Ulimi ukishatanuka ncha kama kijiko na mate yakavutika kama uzi, huyo anatafuta kivuli na maji, wala hana habari na kamera yenu.

Kilichonikalisha chini niandike ni ule mstari wa katikati: eti mbwa hahitaji kupangiwa mwendo, "akichoka atalala mwenyewe."

Mstari huo niliuamini kabla yenu. Miaka sita iliyopita tulipiga kambi chini ya mlima mimi na mbwa wangu, jike la kilo 24, na alfajiri tukaanza kupanda. Alinitangulia njia nzima. Anakimbia mbele, anarudi kuhakikisha nakuja, anakimbia tena, kiasi kwamba kila kilomita yangu moja yeye alikuwa anaipiga mbili. Kileleni akanirukia kifuani kwa furaha. Wakati wa kushuka njia ilikuwa changarawe tupu yenye ncha, jua limeshaichoma, na kwenye mteremko uzito wote unaelemea miguu ya mbele. Nikaona doa jekundu juu ya jiwe. Mbele kidogo, lingine. Nikasema labda kuna mnyama kajeruhiwa hapa. Nikamwita asije akanusa, akaja mbio, mkia unatikisika (mkia, Mhariri, unatikisika!), nikamwinua mguu. Ngozi nene ya unyayo ilikuwa imebanduka, inaning'inia kama soli ya kiatu kilichochoka, na chini yake nyama mbichi iliyojaa mchanga. Nyayo tatu kati ya nne. Alikuwa akikanyagia hiyo nyama tangu saa ambayo mimi siijui, kwa sababu moja tu: mimi nilikuwa bado natembea. Nikachana fulana nikamfunga, nikaliacha hema palepale, nikambeba mabegani muda wa saa tatu hadi kwenye gari, damu inanikaukia kwenye ukosi wa shati. Daktari wa mifugo hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na wewe miguuni ulivaa nini?"

Nilikuwa nimevaa buti.

Sasa mwandishi wenu anajisifu kwamba kila walipopita mjini alimwacha mbwa garini "dakika chache", vioo vimefunguliwa upenyo wa kidole. Juani, gari lililofungwa linaweza kuongezeka nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10 tu, na upenyo huo hausaidii kitu cha maana. Hilo nalo mkalichapa, na picha.

Na kwa kuwa nimeshaanza, acha nimalize. Kuna hawa wanaookota kinyesi cha mbwa wao, wanakitia kwenye mfuko wa plastiki, wanafunga fundo la kupendeza, halafu wanautundika kwenye tawi kando ya njia. Wamemwekea nani? Heri wangechimba shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mbali na mto, au waondoke nacho kama walivyoondoka na picha zao. Na wale wanaofungulia mbwa kamba penye watoto na wanyama wa porini, kisha wanapaza sauti kutoka ng'ambo ya bonde, "Haumi huyo!" Hakuna aliyewauliza. Wenye spika kambini usiku nitawaandikia barua yao.

Sikuombi msamaha uchapishwe. Naomba Jumapili ijayo, ukurasa uleule, ukubwa uleule, mtoe picha ya unyayo wa mbwa, iliyopigwa kwa chini. Na kabla mwandishi wenu hajasafiri tena, avuliwe viatu saa saba mchana, ashushwe mteremko wa changarawe kwa saa mbili, nawe Mhariri umtangulie hatua kumi mbele ukimwita kwa jina na kumwonyesha biskuti. Usimuulize kama anaumia.

Akichoka, atalala mwenyewe.

Msomaji wenu wa siku nyingi