Yah: Malalamiko Kuhusu Miche ya Matufaha Yenye Virusi na Nilivyotendewa Kaunta

Kwa Meneja,
Kitalu cha Miche ya Matunda,
Njombe.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini mnaendelea vizuri na kazi. Mimi siendelei vizuri, na sababu ni miche 12 ya matufaha niliyonunua kwenu Novemba mwaka jana. Risiti ninayo, na dhamana ya miezi 12 mmeiandika wenyewe nyuma yake, kwa hiyo sitawasomea maandishi yenu.

Miche saba ina batobato. Majani yaliyochipua Septemba yametoka na mabaka ya njano iliyopauka, mengine yamefuata mishipa, mengine yamekaa ovyo kama rangi iliyorushwa kwa brashi. Jani moja limeharibika, la pembeni yake kwenye tawi hilo hilo ni kijani safi. Yaliyozidiwa yameungua na kudondoka. Afisa ugani wa kata alipoyaona hakusita: dalili zote ni za virusi, na vimetoka kitaluni, kwani ugonjwa huu husafiri ndani ya kikonyo kinachobebeshwa, yaani kijitawi kinachokatwa kwenye mti mama na kuunganishwa kwenye shina la mche.

Sasa nije kwa kijana wenu wa kaunta. Nilimletea tawi kwenye mfuko, nikamsalimia vizuri, nikaomba aniitie bwana shamba wenu. Alilivunja tawi langu vipande viwili, akalitupa kwenye ndoo ya taka, akasema mbele ya wateja: "Bibi, huo ni upungufu wa madini ya chuma tu. Kama maepo yamekushinda, kalime viazi."

Madini ya chuma! Upungufu wa chuma huanzia kwenye majani machanga, jani likapauka huku mishipa ikibaki kijani. Haurushi mabaka huku na kule ukaruka jani la jirani. Na kabla ya siku hiyo nilishanunua mbolea ya maji mliyonishauri kwa simu, nikapuliza, kisha dawa ya shaba, nayo ya dukani kwenu. Hela juu ya hela. Virusi havina dawa ya kupuliza, na ninyi mnaobebesha miche kila msimu mnalijua hilo kuliko mimi.

Narudia la kaunta, maana nataka mlielewe. Nimefundisha shule ya msingi mji huu, na kwenye foleni ile walikuwamo watu niliowafundisha kusoma. Hao ndio walioniona nimeinama, mkono ndani ya ndoo yenye makapi ya chai, naokota vipande vya tawi langu kwa sababu ndio ushahidi nilionao. Kijana alikuwa anachekea simu yake. Mama wa fedha alikuwa amekaa pale pale, hata pole hakusema. "Kalime viazi." Viazi nimelima tangu huyo kijana hajazaliwa.

Na nilipotoka nje ndipo nikauona mti mama wenu, ule wa karibu na bomba. Mabaka yale yale! Chini yake mfanyakazi anakata vikonyo vya kubebesha. Picha ninayo.

Siku ile nilikuja kuomba miche saba mingine, basi. Leo haitoshi. Nataka fedha ya miche yote 12, kwa kuwa mitano iliyobaki siwezi kuiamini tena, na mizizi ya miti jirani ikishikana ugonjwa unaweza kupita. Nataka fedha ya mbolea na dawa, na gharama ya kung'oa. Msiniambie "mti utazaa tu" kama mlivyosema kwenye simu. Utazaa pungufu, na bei mliyonitoza haikuwa pungufu. Mti mama ung'olewe, na wote waliouziwa miche yake wajulishwe. Na kijana aniombe radhi hapo hapo kaunta, watu wakiwapo.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, sampuli na picha vinakwenda TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, risiti na nakala ya barua zinakwenda Tume ya Ushindani. Sitapiga simu kukumbusha. Tena, hata mkinilipa kila senti, nikipita hapo nikaukuta mti ule bado umesimama, TPHPA nitakwenda tu.

Wenu,
Mteja mwenye risiti.

Nakala: Afisa Ugani wa Kata