Usikimbilie kukaa mbele ya mtu: barua kwa mwanangu

Leicester, Septemba

Mwanangu mpenzi,

Salamu sana. Baada ya salamu, natumaini umeshapanga vitu vyako na umepajua msikitini, na duka la kununulia unga wa sembe. Sisi huku hatujambo. Baba yako anakusalimu, na mdogo wako ameshahamia chumbani kwako bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unaniambia "sawa mama" kabla sijamaliza, na hili nataka ulisome ukiwa umetulia.

Siku ile tunafunga mizigo ulisema mambo mawili yaliyonikaa moyoni. La kwanza, kwamba mwaka wa msingi wa shahada yako ya saikolojia, ushauri nasaha na ukocha, ule wa maandalizi kabla ya mwaka wa kwanza, ni kupotezewa wakati. La pili, kwamba ukishamaliza mwaka wa kwanza utaanza kupokea watu mtandaoni kama kocha wa maisha, maana yuko kijana unayemfahamu aliyesoma kozi ya wikendi tu na sasa analipwa. Kwangu mimi hayo ni jambo moja. Unataka kufika mbele ya mtu mwenye dhiki kabla hujaandaliwa. Nakuomba sana, baba, usikimbilie.

Alama zako za A-level hazikufika, chuo kikakupa miaka minne badala ya mitatu. Mjomba wako aliniuliza kama umefeli. Nikamwambia ameandikishwa shahada, na mwaka huu umo ndani ya shahada hiyohiyo. Kwa kawaida alama za mwaka wa msingi hazihesabiwi kwenye daraja la mwisho, ila usipofaulu huvuki. Kwa hiyo umepata mwaka mzima wa kujifunza kuandika insha yenye hoja, kusoma makala ya utafiti mpaka mwisho, kutaja vyanzo na kuzoea hesabu, bila kila kosa kukuandama hadi siku ya kuvaa joho. Wanaoingia moja kwa moja mwaka wa kwanza hayo yote wanatarajiwa wawe nayo tayari.

Najua zinazokutia hofu ni takwimu. Usizikwepe. Unakumbuka habari ya watoto na peremende uliyonisomea jikoni? Mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza majaribio yake mwishoni mwa miaka ya 1960: mtoto anawekewa kitu kitamu mezani, anaambiwa akisubiri mpaka mkubwa arudi atapewa viwili. Miaka ikapita, ikaonekana wale waliosubiri walifanya vizuri zaidi masomoni, na watu wakaanza kuhubiri kwamba subira ya mtoto ndiyo inayoamua maisha yake. Mwaka 2018 watafiti wengine waliliangalia upya kwa watoto zaidi ya 900. Walipotia kwenye hesabu hali ya nyumbani, elimu ya mama na kipato, uhusiano ule ukapungua sana. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, 2017, ulitoka utafiti uliowalinganisha watoto wa Kijerumani wa miaka minne na watoto wa kabila la Wanso la Kameruni. Wa Kameruni walitegwa kwa andazi la kwao, na waliwapita wenzao kwa mbali kusubiri. Mama wa Kinso hulea kama bibi yako anavyolea kule Tanga: mtoto hufundishwa mapema kutulia na kusikia la mkubwa.

Sasa mfikirie mshauri aliyeishia kwenye habari ile ya kwanza, asiyejua kuuliza walipimwa wangapi, ni watoto wa nani, na nini hakikuhesabiwa. Atakutana na mama mwenye shida zake na kumwambia mwanawe hana mustakabali kwa kuwa hana subira. Mtafiti Joseph Henrich na wenzake waliandika mwaka 2010 kwamba sehemu kubwa ya saikolojia imejengwa juu ya watu wa nchi tajiri za Magharibi, tena wengi wao wanafunzi wa vyuo, kisha ikasemwa ndivyo binadamu alivyo. Wewe uliyelelewa nyumba ya Kitanga ndani ya Leicester una jicho la kuliona hilo upesi. Lakini jicho bila takwimu litakuachia malalamiko tu, hutaweza kumwonyesha mtu kosa liko wapi.

Nirudi kwenye hili la kupokea watu. Jua kwamba hapa Uingereza hakuna atakayekuzuia. Tangu mwaka 2009 sheria inalinda majina kadhaa, kama mwanasaikolojia wa kliniki, au wa elimu, au wa ushauri nasaha. Huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wanataaluma wa afya. Lakini jina la mshauri nasaha lenyewe halilindwi na sheria, na la kocha halilindwi pia. Kenya walishatunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Hapa mtu anaweza kuamka kesho, akabandika tangazo, akaanza kutoza pesa. Hilo linanitisha, kwa sababu mimi nimekaa kwenye kile kiti cha mshauri.

Unajua nilikuwa muuguzi Tanga kabla hatujaja huku, lakini sehemu hii sijawahi kukueleza vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari wa Ukimwi vilipoanza kuenea, nilipelekwa mafunzo. Chumba chetu kilikuwa kidogo, feni inapiga kelele, viti viwili vimewekwa mshazari ili mteja asijione kama yuko mbele ya hakimu. Alikuja kijana mmoja, utingo wa lori. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike, hata na wewe. Nikamtoboa kidole, nikachukua tone la damu, tukasubiri. Mistari ikatokea miwili, yaani ana virusi. Kipimo cha pili kikasema hivyohivyo. Nikamwambia jibu kwa sentensi moja, kama tulivyofundishwa, kisha nikanyamaza.

Akatazama saa yake, akaniuliza kama basi la mwisho la Korogwe limeshaondoka.

Asiyeandaliwa angemjibu habari za basi. Au angeanza kumpa moyo: usijali, kaka, watu wanaishi, Mungu yupo. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu aliyepigwa na habari nzito huweza kuuliza lolote, akili yake inatafuta pa kushika, na kwamba maneno mengi ya mshauri wakati ule humtuliza mshauri mwenyewe. Kwa hiyo nilikaa. Mikono nimeiweka mapajani, uso nimemwelekezea, sisemi kitu. Kimya kile kilikuwa kirefu mno, na mwili wote ulitaka kukivunja. Mwisho akasema polepole, "Mke wangu ana mimba."

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake. Tukalizungumza: atamwambiaje, anaogopa nini, nani wa kumsindikiza, mtoto atakingwaje. Walirudi wawili, na mke akaingizwa kwenye mpango wa kumkinga mtoto. Ningemwahi kwa maneno ya faraja angenishukuru, akapanda basi lake, na sidhani kama ningemwona tena.

Na kile kimya sikuzaliwa nacho. Nilikifanyia mazoezi darasani na wenzangu mpaka tukachoka, mmoja anajifanya mteja, mwingine mshauri, wa tatu anaandika kila tunachofanya kwa macho na mikono. Na kila wiki tulikaa na msimamizi wetu, tukamweleza tuliyokutana nayo bila kutaja majina, naye anatuuliza: hapo ulikuwa unasikia nini wewe mwenyewe? Bila vikao vile nisingeweza kulala.

Mjomba wako anasema wazee wetu walishauri watu miaka na miaka bila chuo. Anasema kweli, na bibi yako ni mmoja wao. Lakini angalia walichofanya Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kule Harare kuwatumia bibi wa mitaani, wanakaa na wagonjwa wa sonona na wasiwasi kwenye benchi nje ya zahanati. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kisayansi katika zahanati 24, na waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Utaratibu ule umefika hata Zanzibar. Watu wanaposimulia habari hii huishia kwenye busara ya bibi. Mimi nataka ushike sehemu inayorukwa: bibi wale walifunzwa, walipewa hatua za kufuata, walikuwa na wasimamizi, na mgonjwa aliyewazidi walimpeleka mbele. Kama bibi mwenye wajukuu kumi anakubali kusimamiwa, kijana wa miaka kumi na tisa ni nani?

Kuhusu njia yenyewe. Shahada za namna hii, saikolojia pamoja na ushauri nasaha na ukocha, kwa kawaida hukupa nadharia na stadi za kuanzia. Hazikutoi ukiwa mshauri nasaha kamili. Kozi zenye ithibati ya BACP, chama kikubwa cha washauri nasaha hapa, hudai angalau saa 100 za kukaa na wateja halisi chini ya usimamizi. Na hata ukishahitimu na kupata ithibati yao, bado unatakiwa kukaa na msimamizi saa moja na nusu kila mwezi, kwa muda wote unaopokea wateja. Ukitaka kuwa mwanasaikolojia wa aina zile zinazolindwa, lazima kwanza shahada yako itambuliwe na BPS, chama cha wanasaikolojia kilichoanzishwa mwaka 1901, na uimalize kwa angalau daraja la pili la chini. Ndipo uombe udaktari wa miaka mitatu. Kuna pia huduma ya tiba ya mazungumzo ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, iliyoanza mwaka 2008. Wanachukua wahitimu wa saikolojia na kuwafundisha kazini, huku wanalipwa. Kwako wewe naiona hiyo ni hatua nzuri ya kwanza.

Ukocha siudharau. Nimesoma habari za John Whitmore, mmoja wa waanzilishi wa ukocha, na yale mambo manne ya kuuliza: unataka nini, hali ikoje sasa, una njia zipi, utafanya lipi na lini. Yanamfaa mtu anayetaka kubadilisha kazi au kumaliza masomo. Lakini anayekuja kwa kocha hana alama usoni. Atasema anataka kupanga muda wake vizuri, kumbe halali tangu mama yake afariki. Ukimpa malengo ya wiki unamwongezea mzigo. Kumtambua mtu huyo na kumpeleka kwa anayestahili ni ujuzi unaofundishwa. Hata makocha wenyewe hawakubali wikendi: cheti cha kwanza kabisa cha shirikisho lao la kimataifa, ICF, kinadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi.

Darasani utakuta wengi ni wasichana. Katika saikolojia hapa Uingereza ni kama wanne kati ya kila watano. Usijione umepotea njia. Nafanya kazi na wazee wa kwetu hapa mjini, wanaume, wanaokwenda kwa daktari wakisema mgongo unauma, kifua kinabana, na daktari anawapima haoni kitu. Siku moja mmoja wao alinishika mkono akaniuliza kama mwanangu anayesomea "mambo ya fikra" atamaliza lini. Alitaka mwanamume, anayesema Kiswahili, asiyemjua mkewe. Nilimwambia bado miaka.

Ya mkopo nitayasema kwa ufupi. Walioanza tangu Agosti 2023 hukatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na baki hufutwa baada ya miaka 40. Mwaka wa msingi unaongeza deni, ni kweli, lakini asiye na kipato hicho hakatwi. Suala la riba tulishakaa nalo na baba yako na shehe, silirudii hapa.

Sasa fanya hivi. Wiki hii mtafute kiongozi wa kozi, umuulize mambo mawili, na majibu uyapate kwa maandishi. Je, shahada hii kwa jina hilihili ina ithibati ya BPS? Na ukifaulu mwaka wa msingi, unaruhusiwa kuhamia saikolojia peke yake ukitaka? Ukiambiwa haina ithibati usibabaike, kuna kozi za uzamili za mwaka mmoja za kuziba pengo hilo, ila ni vizuri tujue sasa na siyo mwaka wa nne. Halafu angalia kama wapo wanafunzi wanaojitolea kupokea simu za usiku za wenzao wenye shida. Huduma hizo ziko kwenye vyuo vingi, na huwafunza watu kabla ya kuwakabidhi simu. Huko unaweza kuanza mapema, kwa utaratibu.

Na yule kijana wa wikendi usimgombeze. Muulize tu anasimamiwa na nani.

Nipigie Jumapili baada ya adhuhuri, nitakuwa nimetoka kazini. Shangazi yako anakuja huko mwisho wa mwezi, nitampa samaki wa kukaanga na ile blanketi uliyoiacha.

Wako akupendaye,
Mama